Mama Hapimwi

Hell-Ville, Nosy Be
11 Mei 1998

Mwanangu Mikidache,

Nakusalimu wewe na mkwe wangu Echa. Hali zenu? Mimi mzima, ni magoti tu yanayonikumbusha umri kila nikitaka kuinuka mkekani. Echa na huo mzigo wake wanaendeleaje? Mwambie asikae sana juu ya saruji, baridi inapanda kiunoni.

Sasa nije kwenye lililonifanya nitafute karatasi. Jana nimepokea bahasha ya serikali. Ndani mna kadi ngumu yenye picha yangu, ile niliyopigwa siku ya harusi yenu, nimekunja uso kama nimeibiwa kuku. Ina muhuri, na maneno ya Kifaransa, nikampelekea mwalimu wa jirani anisomee. Kumbe mimi ni mkandaji wa wajawazito niliyeandikishwa na Baraza la Tiba za Asili. Kumbe nimepimwa Mahajanga mwezi wa Machi, mbele ya mkaguzi, nikaonekana nafaa. Na mkaguzi ni Mikidache, mwanangu wa kumzaa.

Nilikaa kitako. Mimi Mahajanga sijaikanyaga tangu Disemba ile ya sabini na sita, sisi Wakomoro tulipouawa mitaani nikatoka na wewe mgongoni. Sasa hiyo Machi nani aliniendea?

Nimeshtuka, baba. Hasira bado, itakuja ikipata nafasi. Miaka yote serikali ilituita wachafu, tukikanda milango imefungwa. Leo serikali hiyo hiyo inamlipa mwanangu mshahara ili atuangalie. Hilo peke yake lingenitosha kwa mwaka mzima. Lakini niambiwe nimepimwa na sikupimwa, hapo sielewi. Ulidhani ningeshindwa?

Nijibu. Na usinichanganyie Kifaransa kama barua iliyopita. Sokoni nasema Kimalagasi, jikoni Kikomoro, lakini karatasini babu yako aliyekulia Unguja alituachia lugha hii, usiitie maji.

Mama yako

*

Mahabibo, Mahajanga
29 Mei 1998

Mama yangu,

Kwezi, mama. Nakuamkia na kuomba dua zako. Sisi wazima, Echa anakula kwa watu wawili na kulala kwa watu wanne. Anakuamkia.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa. Ngoja nikueleze. Fedha za Baraza zinatoka hazina, nazo zinatoka kwa mafungu. Fungu la kwanza limetupa ofisi na mishahara. La pili haliji mpaka mkoa uonyeshe kuwa waganga, waumikaji wa chuku na wakandaji wa kutosha wameandikishwa. Kila asubuhi mkurugenzi wetu anatuuliza tumefika wangapi. Tumewapimaje, hilo hajauliza hata siku moja.

Kupima kwenyewe ni hivi. Mkandaji anamkanda mjamzito mbele ya mkaguzi na mkunga wa hospitali. Anaeleza kichwa cha mtoto kiko wapi, mgongo uko wapi, na ni dalili zipi akiziona anaondoa mkono na kumwachia daktari. Sasa mama, mimi nisimame na kalamu, wewe umepiga magoti, nikuambie hapo umekosea? Mtoto haonji chungu cha mama yake akasema hakina chumvi. Ulinifundisha mwenyewe, na kwa kofi.

Tena si mimi peke yangu. Assoumani, mwenzangu ofisini, amempitisha mama yake, Bi Kouraichia mkandaji wa Tanambao. Wengine wamewapitisha wajomba na shangazi zao. Hatukuona kuwa ni uongo, tuliona ni adabu. Mkono wako unajulikana kuanzia Mahajanga mpaka Nosy Be, nani atauuliza?

Itundike kadi, mama. Ni haki yako.

Mwanao, Mikidache

*

Hell-Ville, Nosy Be
6 Julai 1998

Mwanangu Mikidache,

Naitikia mbona, mwanangu, kwezi zako nimezipokea. Ni mzima, isipokuwa nimejiunguza kiganja kwenye sufuria, kidogo tu. Echa hajambo? Mtoto anacheza?

Kadi nimeitundika. Sitakudanganya, ilinipendeza. Majirani wamekuja kuitazama, na mmoja ameniuliza kama nitapewa pensheni. Lakini nikueleze inavyofanya kazi, maana nadhani huko ofisini hamjui.

Zamani mgeni akija kwangu hakai kabla ya kuuliza: mkono umepewa na nani? Nami namjibu kuwa nimepewa na marehemu Bi Hayrat wa Mahabibo. Alilala yeye mwenyewe, na mimba yake ya mwisho, nikamkanda mbele ya mama mkwe wake, ndipo akasema mkono nimekupa. Baada ya hapo mgeni ananishika kiganja, anakipima joto na uzito, halafu ndiyo analala. Na mama mkwe wake anakaa pembeni akinikodolea macho. Nikibonyeza kwa nguvu, anakohoa. Wale mama wakwe walikuwa wananichosha, Mungu anajua, lakini walikuwa wanatazama.

Sasa wanakuja wanawake hata kutoka Ambanja. Wanavuka bahari kutoka bandari ya Antsahampano na matumbo yao, wanafika, wanatazama ukutani, wanalala. Hakuna anayeuliza mkono. Mama wakwe wamekwenda zao sokoni. Juzi nilimwuliza mmoja, mwanangu, mbona huniulizi nani kanifundisha? Akanijibu, serikali imeshauliza, bibi.

Maneno hayo yamenikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Wao wanadhani serikali imeuliza. Serikali inadhani wewe umeuliza. Na wewe uliona haya.

Njoo unipime. Nitashinda, hilo nisikufiche, na kadi itakuwa yangu kwa halali. Leta na mkunga wako, nitawapikia.

Mama yako

*

Mahabibo, Mahajanga
30 Julai 1998

Mama yangu,

Kwezi, mama. Samahani kwa kuchelewa. Pole na kiganja.

Kuja Nosy Be mwezi huu haiwezekani. Fedha za safari zimo katika fungu la pili, na fungu la pili ndiyo kwanza tunalisubiri. Nikija kukupima upya nitaandika nini juu ya ile Machi? Tuache kwanza, mama, mambo yatulie.

Echa ameingia mwezi wa saba. Mtoto amelala upande, anamsumbua mbavuni. Ungekuwa karibu ungemweka sawa, lakini uko mbali, kwa hiyo kesho anakwenda kukandwa Tanambao kwa Bi Kouraichia. Usiwe na wasiwasi, naye ana kadi.

Mwanao, Mikidache

*

Mahabibo, Mahajanga
22 Agosti 1998

Mama,

Mtoto hatunaye. Echa yuko hai. Nimeanza na hayo ili usome mengine ukiwa umeshayajua.

Nilishindwa kukuandikia mapema. Kila Echa akiona natafuta karatasi anauliza namwandikia nani.

Alikwenda kwa Bi Kouraichia asubuhi, na jirani. Jirani anasema bibi alimkanda muda mrefu, akisukuma upande mmoja, na Echa alisema inauma. Bibi akamwambia avumilie, mtoto ni mkaidi. Echa akavumilia. Mama, alivumilia kwa sababu mimi nilimwambia yule ni mtu aliyepimwa. Aliporudi nyumbani alikuwa anatoka damu. Hospitali wamesema kondo la nyuma lilibanduka. Walimtoa mtoto, alikuwa msichana, hakulia.

Nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja kwa Assoumani. Nilitaka kumpiga, sitaficha. Nilimkuta ofisini, nikamwuliza mbele ya watu: mama yako ulimpima? Alinitazama, uso umemvimba kwa kulia, maana habari alikuwa ameshazipata. Akasema, hapana. Kisha akaniuliza, na wewe wako ulimpima lini?

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga mlango. Mpaka leo nimepigwa na butwaa, natembea mjini watu wananipa pole nami nawaitikia bila kujua wao ni nani.

Bi Kouraichia haonekani barazani. Wanasema macho yake yalikuwa yanafifia tangu mwaka jana na watu wa nyumba yake walijua. Nani angemwambia?

Nimemwomba mkurugenzi niandike ripoti, kadi zote zilizotolewa kwa kuoneana haya zirudishwe, watu wapimwe kweli. Amenipa pole, ameniagizia chai, kisha akasema ningoje fungu la pili liingie. Eti tukisema sasa, hazina itafunga mkono na Baraza litakufa, na bila Baraza nani atawasimamia waganga? Nilikunywa ile chai, mama. Ndiyo inayonishangaza zaidi, kwamba niliimaliza.

Mwanao

*

Hell-Ville, Nosy Be
4 Septemba 1998

Mwanangu, baba yangu,

Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Mungu awape subira wewe na Echa. Nimelia mpaka jirani akaingia bila kubisha hodi. Mtoto nimemsomea, na jina nimempa moyoni, nitamwambia Echa tukionana, wewe sikuambii. Echa ale supu ya kuku, asiguse maji ya baridi, na asiachwe peke yake hata akisema anataka.

Kouraichia namjua. Tulikaa pamoja miguuni pa Bi Hayrat tukiwa wasichana. Alikuwa na mkono kunishinda mimi, na ninayesema hivyo sipendi kushindwa. Ndiyo maana sijaacha kushangaa. Mkono ule.

Sasa nisikilize, na usinijibu kwa adabu, adabu tumeshaona imetufikisha wapi. Huyo mkurugenzi wako anasema bila Baraza nani atawasimamia. Mwulize mimi sasa nasimamiwa na nani. Mlinzi akilipwa kwa kuhesabu milango, hatapata wakati wa kutazama kama imefungwa.

Utawapima watu, na utaanza na mimi. Ukianza na mama wa Assoumani watasema unalipiza kisasi. Ukianza na mganga wa mtu baki watasema unaonea. Ukianza na mama yako hawana la kusema. Nikishinda, wazee wengine wataona kupimwa si kuvuliwa nguo. Nami nitashinda, mradi mkunga wenu ajue kazi yake.

Nauli ukikosa uza redio. Yupo hapa mwanamke jirani, Nadjma, mimba yake ya kwanza, amekubali nipimwe juu yake. Njoo.

Mama yako

*

Hell-Ville, Nosy Be
19 Oktoba 1998

Mikidache,

Umefika salama, nimesikia.

Naandika ili iwe kwa maandishi, kwa kuwa wewe ni mtu wa maandishi. Ulikuja nyumbani kwangu na mkunga wa umri wa kuwa binti yangu. Mlikula wali wangu na pweza wa nazi. Niliosha mikono kama mlivyotaka, mpaka viwiko. Nilimkanda Nadjma taratibu, nikasema kichwa kiko chini, mtoto amekaa vizuri. Yule binti akaweka mikono yake, akasema kichwa kiko juu, chini ya mbavu. Nikamwambia arudie. Akarudia, akasema vilevile.

Halafu akaniomba nifumbe macho. Akasema atanigusa ncha za vidole kwa pamba, nimwambie kila akinigusa. Nikafumba. Nikangoja. Nikamwambia, anza basi, mwanangu. Akasema, bibi, nimeshamaliza.

Nani anahisi pamba? Pamba ni kitu? Hiyo sukari anayosema imeniua vidole, anayotaka nikapime, babu zetu walipima sukari?

Nikakutazama wewe. Nilidhani utacheka, useme tumetosheka, tunywe chai. Ukasimama mbele ya Nadjma, na mama mkwe wake, na jirani zangu mlangoni, ukasema, Mama, hufai. Kwa sauti. Ukaitoa kadi ukutani, msumari ukaubakisha.

Nilikuita mimi, najua. Nilisema njoo. Lakini nilikuita uje unione nikishinda. Sikujua kama ulimi wako unaweza kutamka neno lile kwangu mimi, na kama nyumba itabaki imesimama baada yake. Siku ya pili hakuja mtu. Hadi leo hakuna aliyekuja.

Usiniandikie.

Mariamou

*

Mahabibo, Mahajanga
8 Novemba 1998

Mama yangu,

Kwezi, mama. Umenikataza kuandika, naandika. Makosa mengine yakizidi moja si kitu.

Echa ameanza kutoka nje. Nilimsomea barua yako mpaka kwenye pamba, akanitaka niishie hapo, akaenda uani. Aliporudi alisema nikuombe radhi kwa maumivu. Nakuomba radhi kwa maumivu, mama, nakushika miguu. Kwa lile neno siwezi. Nimejaribu. Nikitaka kulirudisha namwona Nadjma amelala pale, anakuangalia kwa imani, kama Echa alivyolala.

Kama uliniona imara siku ile, ni suruali tu.

Ripoti nimeipeleka juu bila mkurugenzi kuijua. Hazina imelizuia fungu la pili, mishahara imesimama, na wenzangu ofisini hawaniitikii salamu. Mkurugenzi anasema nimewapokonya watu mkate, na kwamba mtu aliyemfuta mama yake ataacha nini. Lakini habari hiyo hiyo ya kukufuta wewe imefika Tanambao. Bi Kouraichia ameituma kadi yake kwa mkono wa Assoumani, bila kudaiwa. Na mwumikaji mmoja mzee wa hapa Mahabibo amekuja mwenyewe, akavua kofia, akasema, kama Bi Mariamou amekubali kupimwa, mimi ni nani?

Sikumwambia kuwa umenikasirikia.

Mkunga anasema siku za Nadjma ni mwanzo wa Disemba. Mama, najua anakupenda na ataogopa hospitali. Akija mlangoni kwako, nakuomba. Sijui kama namwomba mama yangu au mtu aliyesema nisimwandikie, lakini naomba.

Mwanao, ukinikubali

*

Hell-Ville, Nosy Be
12 Disemba 1998

Mwanangu Mikidache,

Hujambo, mwanangu? Echa hajambo? Mimi mwilini ni mzima kiasi. Sukari nimepima, ninayo, tena nyingi. Nimeambiwa niache wali mweupe na chai yangu ya vijiko vitano. Nimebakiwa na mengine ya kuacha.

Nadjma alikuja Jumatano, baada ya alfajiri, uchungu umeshaanza. Alikuja na mama mkwe wake. Akanishika, akasema, mimi nakuamini wewe, bibi, sitaki kwa wale, nizalishe hapa. Mama mkwe wake hakukohoa. Alikuwa ananitazama mimi nisemeje.

Nikuambie ukweli, maana umekuwa mtu wa ukweli. Nilimtandikia mkeka. Nilifikiri, nikimzalisha hapa, mtoto akatanguliza kichwa kama nilivyosema, mji mzima utajua nani anafaa na nani hafai. Nililiona hilo waziwazi, na likanipendeza. Nikaweka mkono tumboni. Nikasikia kichwa, chini, kigumu, cha mviringo. Nikahama, nikarudi, nikasikia kichwa tena. Sikuwa na shaka hata punje.

Sijui ni nini kilichoniinua. Si barua yako, usijivune. Nadhani ni vile alivyofumba macho, ametulia kabisa, kama mtu aliyekwisha kufika. Nikaona Echa naye alifumba hivi. Nikamwambia inuka, twende hospitali, nami naingia na wewe. Alilia njia nzima. Mama mkwe wake alinitukana, na tusi lenyewe sitaliandika kwa lugha ya babu yako.

Mtoto ametanguliza miguu, Mikidache. Mguu mmoja, tena wa buluu. Wakampasua Nadjma haraka. Mtoto mzima, wa kiume, analia kama anadai kitu. Daktari ameniambia mbele ya wote kwamba nyumbani tungewapoteza wawili. Wamenishukuru. Yule mama mkwe amenibusu mkono, huu huu wa kulia.

Nami nilisimama pale nimebusiwa mkono, nimeduwaa. Kwa sababu mkono uliniambia kichwa. Haukuwa na wasiwasi, haukusitasita kama mtu anayedanganya. Uliniambia kwa sauti ile ile uliyonisemea tangu ujana wangu, nayo ndiyo sauti pekee niliyowahi kuiamini kuliko ya mtu. Hata sasa nikifumba macho nikamkumbuka Nadjma kwenye mkeka, unaniambia kichwa.

Basi tangu lini? Hilo ndilo swali ambalo yule binti na pamba yake hakuniuliza, na wewe na kalamu yako hukuuliza, na mimi sikulijua mpaka juzi. Mwaka huu? Mwaka jana? Wale wa Ambanja walioangalia ukutani wakalala, waliondoka kwangu wakanishukuru na kuvuka kurudi kwao, na mimi sijui walijifungua vipi. Sikuwahi kuuliza. Asiyerudi nilidhani amefurahi.

Ulisema kweli, mwanangu. Umechelewa kuisema, na mimi nimechelewa kuitaka. Sitakudanganya kuwa imeacha kuuma. Lakini wapime wote, hata mshahara usipokuja, na akikataa mzee yeyote mwambie aniandikie mimi.

Kesho nitaanza na wa hapa mjini, walio karibu. Wa ng'ambo nitawafuata magoti yakiniruhusu. Nitabisha hodi, nitauliza, ulijifungua vipi, mwanangu, na mtoto yuko wapi. Kisha nitakaa nisikilize jibu.

Mama yako